"Usinipeleke kwa weusi": dhana potofu za wanunuzi wetu wa nyumba Maryland

Mimi ni dalali wa nyumba. Jumamosi iliyopita nilikuwa Mitchellville na mteja, kijana wa Tanga, dereva wa malori, mkopo wake umeshapitishwa. Tukiwa bado garini akaniambia, "Kaka, hela nimejipanga. Ila naomba usinipeleke kwa weusi." Kasema hivyo yeye, mweusi tii, akinitazama mimi, mweusi tii. Tukashuka mbele ya nyumba ya matofali ya ghorofa moja, gereji ya magari mawili, nyasi zimekatwa utadhani zulia. Akaipenda kabla hata sijafungua mlango. Ng'ambo ya barabara mzee mmoja mwenye kofia ya jeshi la majini alikuwa anaosha gari lake. Akazima maji, akatupungia mkono. Nyumba ya pili mama mmoja wa fulana ya waridi na kijani, rangi za Alpha Kappa Alpha, chama cha wanawake weusi waliosoma chuo, alikuwa anashusha miche ya maua kutoka kwenye buti. Mteja akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Hawa ni wageni au ndio wenyewe?"

Ndio wenyewe.

Nimeshapoteza hesabu ya mara nilizoulizwa hivyo. Wapo wanaoukimbia "mtaa wa weusi", na wapo wanaoutafuta kwa udi na uvumba, hasa wazazi ambao mtoto wao ni mweusi peke yake darasani. Wote wamebeba picha ileile ya televisheni kichwani, na nimechoka kuifuta mteja mmoja mmoja.

"Mtaa wa weusi ni mtaa wa dhiki, na nyumba yake haipandi bei"

Hii ndiyo inayonipandisha presha, kwa hiyo nitakaa nayo.

Anza na kaunti tuliyosimama. Prince George's, inayopakana na Washington upande wa mashariki, ilikuwa na zaidi ya watu 950,000 kwa sensa ya 2020, na weusi ndio wengi. Kipato cha kati cha kaya kinazidi dola 90,000 kwa mwaka, juu ya kile cha taifa zima. Ni wafanyakazi wa serikali kuu, wanajeshi wastaafu, walimu, wanasheria, manesi. Kwa miaka mingi ilitajwa kuwa kaunti tajiri kuliko zote nchini zenye weusi wengi, mpaka juzijuzi ilipopitwa na jirani yake wa kusini, Charles County, ambako nako weusi ni wengi. Maskini wapo, na kuna vitongoji vya kaunti hii ambavyo mimi mwenyewe nisingenunua. Lakini ukivuka barabara mbili tu unaingia kwenye maisha mengine kabisa, na rangi ya watu haijabadilika.

Sasa bei. Wanachokisema wateja wangu hakikuzuka hewani, kilipandwa. Mwaka 1910 Baltimore ilipitisha sheria ya kugawa mitaa kwa rangi, mji wa kwanza Marekani kufanya hivyo, na Mahakama Kuu ya nchi ikaja kuzipiga marufuku sheria za aina hiyo mwaka 1917. Miaka ya 1930 serikali kuu ikachora ramani za mikopo: kijani mitaa bora, nyekundu mitaa ya hatari, na penye weusi pakapakwa nyekundu hata kama nyumba zenyewe ni imara. Bima ya serikali ya mikopo ya nyumba ikafuata fikra hizohizo. Hata Bowie, mji wa kaunti hiihii, ambako kila mteja wangu wa pili anataka kununua, mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Levitt ilikuwa inajenga nyumba kwa maelfu na kukataa kumuuzia mweusi hata moja. Watu waliandamana kupinga mwaka 1963. Sheria ya kuzuia ubaguzi wa makazi ilikuja Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Leo weusi ni zaidi ya nusu ya wakazi wa Bowie.

Kovu la ramani zile bado lipo. Mwaka 2018 watafiti wa taasisi ya Brookings walionyesha kwamba nyumba kwenye mitaa yenye weusi wengi huthaminiwa pungufu kwa asilimia 23, wastani wa dola 48,000 kwa nyumba, hata ukiilinganisha na nyumba inayofanana nayo kwenye mtaa wenye huduma zinazofanana. Soma hapo polepole. Nyumba kuwa na bei ya chini na nyumba kutopanda bei ni mambo mawili, na wateja wangu huyakoroga kwenye sufuria moja. Ukinunua kwa bei iliyopunjwa unapata vyumba zaidi kwa hela ileile. Siku ya kuuza, upunjaji uleule unakungoja mlangoni. Kaa na karatasi upige hesabu hiyo, uachane na ya vijiweni.

Wala usidhani ukihamia kwa Wazungu umepona. Mwaka 2021 wahadhiri wawili weusi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mume na mke, waliitiwa mthamini nyumbani kwao Homeland, mtaa wa Baltimore wenye Wazungu wengi. Akaandika dola 472,000. Baadaye wakaondoa picha za familia ukutani, wakamwomba mwenzao Mzungu ampokee mthamini mwingine. Nyumba ileile ikawa dola 750,000. Suala likafika mahakamani.

Kilichoijeruhi Prince George's kweli ni lile anguko la soko la nyumba la 2008. Mikopo ya riba zenye mitego ilisukumwa kwa wanunuzi weusi, wengine wakiwa na sifa zote za mkopo wa kawaida. Mwaka 2011 kampuni moja kubwa ya mikopo ilikubali kulipa dola milioni 335 kumaliza madai ya serikali kwamba iliwatoza weusi na Walatino zaidi ya Wazungu wa sifa zilezile. Nyumba zikapigwa mnada barabara nzima. Shemeji yako aliyepoteza nyumba Upper Marlboro mwaka 2009, na ambaye tangu siku hiyo anakuonya kila mkikutana harusini, hakuponzwa na majirani. Aliponzwa na karatasi aliyotia saini.

Kwa hiyo muulize mkopeshaji kama riba haibadiliki au inapanda. Tathmini ikija chini, usinyamaze: andika kuomba ipitiwe upya, uambatanishe nyumba tatu zilizouzwa karibuni jirani. Halafu, nawaombeni, ulizeni ada ya mabomba! Nyumba nyingi mpya za huku zina ada ya kila mwaka anayolipwa mjenzi kwa kuvuta maji safi na majitaka, mamia ya dola, kwa miaka 20 au zaidi. Imeandikwa kwenye mkataba, ukurasa ambao kila mtu anauruka. Rangi ya jirani wanaiuliza mara kumi.

"Dalali ataniambia wanaishi akina nani"

Sitakuambia. Sheria ileile ya 1968 inanikataza kumwelekeza mteja kwenye mtaa, au kumwepusha nao, kwa sababu ya rangi, dini au asili ya wakazi. Hata mteja mwenyewe akiomba. Hata kama tumetoka kijiji kimoja. Leseni yangu ndiyo ugali wa watoto wangu. Takwimu ziko wazi kwenye tovuti ya Ofisi ya Sensa, eneo kwa eneo, unazisoma usiku na chai yako. Mimi niulize bei, kodi, na paa lina miaka mingapi. Yule wa Tanga nilimjibu hivyohivyo, akadhani namringia.

"Weusi wakiwa wengi, basi jamii ni imara"

Hapa ndipo wanaoutafuta mtaa huu wanapojikwaa. Kuna majengo ya kupanga ambako karibu kila mlango ni wa mtu mweusi na hakuna anayemjua wa mlango wa pili, kwa sababu mkataba ukiisha watu wanahama. Jamii inatengenezwa na watu waliokaa, na mambo wanayoyabeba pamoja. North Brentwood, mji mdogo wa weusi uliosajiliwa mwaka 1924, wa kwanza wa aina yake katika kaunti hii, hauna majumba ya kifahari, lakini una meya wake na historia inayotembea kwa miguu. Fairmount Heights ilifuata mwaka 1935, Glenarden mwaka 1939. Bowie State, chuo kikuu cha weusi, kipo tangu 1865. Na wale akina mama wa waridi na kijani, ambao chama chao kilianzia Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1908, hawavai fulana kwa mapambo: ndio wanaochangisha ada za wanafunzi na kuandikisha wapiga kura.

Ushauri wangu hapa ni mmoja na sitaki ubishi: nenda kwa kinyozi. Jumamosi saa nne asubuhi, kaa kwenye foleni, nyoa hata kama kichwa kinang'aa. Kinyozi wa mtaa wa watu waliokaa anajua mtoto wa nani kapata chuo, nani kalazwa, na nyumba ipi inauzwa wiki mbili kabla yangu mimi dalali. Kina dada, saluni, hivyohivyo. Kisha tafuta jioni ya mkutano wa chama cha wakazi. Ukikuta wazee ishirini wanazozana kuhusu taa ya barabarani na tuta la kupunguza mwendo, rudi kwangu tuandike ofa. Ukikuta viti vitupu na mwenyekiti anasoma simu yake, tuendelee kutafuta.

"Mimi nataka penye jina"

Harlem ya New York, U Street ya Washington, Atlanta mjini, mitaa ya weusi yenye sifa. Kaka, umechelewa. Mwaka 1970 weusi walikuwa karibu asilimia 71 ya wakazi wa Washington. Kufikia 2011 walikuwa wameshuka chini ya nusu. Atlanta, sensa ya 2020, nako hawafiki nusu. Majina yamebaki kwenye vibao vya migahawa. Waliokuwa U Street wengi wao wako huku Prince George's, ndio wanaokata nyasi.

"Shule za kule ni mbovu"

Zile alama za shule kwenye tovuti za nyumba hufuata kipato cha wazazi kuliko ufundishaji. Nenda shuleni, muulize mwalimu mkuu ni walimu wangapi wameondoka mwaka jana. Basi.

"Watu wenye hela wakijaa, maduka yanawafuata"

Hapa niwavunje moyo wanaoutafuta mtaa huu kwa mapenzi. Wakazi wa huku wamelalamika miaka nenda rudi kwamba maduka na migahawa ya maana hupendelea kaunti za jirani, vipato vikilingana au visilingane. Utaendesha gari. Na kodi ya serikali anayolipa mwenye nyumba iko juu. Itie kwenye bajeti.

"Wamarekani weusi hawatupendi sisi"

Nilihamia mtaa wangu mwezi wa Desemba. Tarehe 27 jirani, mzee mstaafu wa posta, aligonga mlango ameshika sahani ya keki iliyofunikwa kwa foili. Akaniambia kwa Kiswahili safi, "Habari gani?" Nikaruka kwa furaha: "Nzuri, mzee, za kwako?" Akabaki amesimama, anatabasamu, anangoja. Nikaongeza "salama". Bado anangoja. Mwishowe akanihurumia: "Kujichagulia." Kumbe ilikuwa siku ya pili ya Kwanzaa, sikukuu ya siku saba ya Wamarekani weusi ambayo kila siku ina neno lake la Kiswahili; salamu ni hiyo na jibu ni neno la siku, na mimi niliyezaliwa na lugha hii nilikuwa nimefeli mtihani wa Kiswahili mlangoni kwangu mwenyewe. Usiku ule nikayasoma yote saba. Asubuhi nikamuwahi akiwa anatoa pipa la taka.

"Ujima, mzee."

Akaweka pipa chini, akacheka mpaka mkewe akachungulia dirishani.