Uzamili wa Uhasibu: Mambo ya Kuchunguza Kabla ya Kuomba Udahili

Kila dirisha la udahili linapofunguliwa, sisi tunaofundisha uhasibu hapa Dar es Salaam hupokea waombaji wengi ambao tayari wako kazini, katika benki, halmashauri, mashirika ya umma na kampuni za uwakala wa forodha, wakitaka kujua ni chuo gani kinatoa uzamili bora wa uhasibu. Kabla ya kutaja chuo chochote, mimi hupenda kujua kwanza mwombaji anaitaka shahada hiyo kwa ajili ya kazi gani, kwa kuwa programu inayomfaa mkaguzi wa hesabu huenda isimfae kabisa anayetaka kuwa mhadhiri.

Jambo linalowachanganya wengi ni uhusiano wa shahada ya uzamili na cheti cha CPA(T), yaani sifa ya kitaaluma ya mhasibu inayopatikana kwa mitihani ya bodi. Taaluma ya uhasibu nchini inasimamiwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, yaani NBAA, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 33 ya mwaka 1972. Chuo hutoa shahada. Bodi ndiyo inayotahini na kusajili wanataaluma. Mtu anaweza kuwa na uzamili wa ufaulu wa juu na bado asiwe na haki ya kusaini taarifa ya ukaguzi wa hesabu za kampuni, kwa sababu haki hiyo hutokana na usajili wa bodi na leseni ya kutoa huduma, wala si cheti cha chuo. Kwa hiyo, kwa mhasibu kijana ambaye bado hajamaliza mitihani ya bodi na ambaye lengo lake ni ukaguzi au cheo cha mhasibu mkuu, ushauri wangu wa wazi ni kwamba amalize CPA(T) kwanza. Waajiri wengi huitaja sifa hiyo kwa jina katika matangazo ya kazi.

Uzamili una nafasi yake kubwa kwa anayeelekea kwenye ualimu wa chuo, utafiti, uchambuzi wa sera za fedha au uongozi wa juu. Anayelenga kufundisha aelewe mapema kwamba matangazo ya nafasi za mhadhiri msaidizi kwa kawaida hudai wastani wa alama (GPA) usiopungua 4.0 katika uzamili, na kwamba ufaulu wa shahada ya kwanza nao huangaliwa. Kwa mtu wa namna hiyo, programu isiyo na tasnifu inaweza kumkwamisha baadaye, hasa atakapoomba shahada ya uzamivu.

Suala la ithibati ni jepesi, ingawa halipaswi kurukwa. Vyuo vikuu viko chini ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, wakati taasisi kama Chuo cha Usimamizi wa Fedha, Taasisi ya Uhasibu Tanzania na Chuo cha Elimu ya Biashara ziko chini ya Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, NACTVET. Hakikisha programu yenyewe, si chuo tu, imo katika orodha ya mamlaka husika.

Baada ya hapo, omba mtaala na uusome kwa makini. Tanzania ilianza kutumia viwango vya kimataifa vya utoaji wa taarifa za fedha (IFRS) mwaka 2004, na viwango hivyo hubadilika. Fungua sehemu inayohusu mikataba ya upangaji. Ikiwa bado inafundisha IAS 17, kiwango cha zamani cha mikataba hiyo, kana kwamba ndiyo kanuni inayotumika, ujue mtaala huo umeachwa nyuma, kwa sababu tangu Januari 1, 2019 nafasi ya kiwango hicho imechukuliwa na IFRS 16. Tofauti yake si ndogo. Benki iliyopanga jengo la tawi Kariakoo kwa miaka mitano zamani iliweza kuandika kodi ya pango kama gharama ya mwaka na kuishia hapo. Sasa inatakiwa kuonyesha katika mizania haki ya kulitumia jengo hilo kama mali, pamoja na deni la kodi ya pango ambayo bado haijalipwa. Mwanafunzi wa uzamili anapaswa kulijua hilo kwa kulikokotoa mwenyewe. Vivyo hivyo, uliza kama walimu wameanza kufundisha IFRS 18, kiwango kipya cha uwasilishaji wa taarifa za fedha, inayoanza kutumika rasmi mwaka 2027, na kama anayefanya kazi serikalini atapata somo la kina la viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma (IPSAS) kwa msingi wa hesabu limbikizi, yaani kuandika mapato na gharama zinapotokea hata kabla ya fedha kupokewa au kulipwa.

Sehemu inayostahili maswali mengi zaidi, na ambayo waombaji huiulizia kidogo kuliko zote, ni tasnifu. Masomo ya darasani yana ratiba, mitihani na wenzako wa kusukumana nao. Tasnifu unabaki wewe na msimamizi wako. Hapo ndipo wanafunzi walio kazini hukwama, na semesta za ziada mara nyingi huja na ada za ziada. Uliza msimamizi mmoja huwa na wanafunzi wangapi, rasimu hurudishwa baada ya muda gani, na ni wangapi kati ya waliodahiliwa pamoja waliohitimu kwa wakati. Chuo kinachojiamini kitajibu bila kusitasita. Tazama pia kalenda: mwaka wa fedha wa Serikali hufungwa Juni 30, na hesabu hutakiwa kumfikia Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ndani ya miezi mitatu. Mhasibu wa halmashauri aliyepangiwa kukusanya takwimu za utafiti kati ya Julai na Septemba atakuwa ofisini hadi usiku akifunga hesabu za mwaka. Kwa walio katika kampuni za ukaguzi, mzigo kama huo huangukia miezi ya kwanza ya mwaka. Wote wawili wajadiliane na chuo kabla ya kuanza.

Kwa masomo ya jioni, pima safari yako kwa uhalisia. Kipindi kinachoanza saa kumi na moja na nusu katikati ya jiji kinawezekana kwa anayefanya kazi Posta. Kwa anayetoka ofisini Tegeta saa hiyohiyo, atakosa nusu ya kila somo. Kwake yeye, masomo ya mwisho wa wiki au ya masafa, ambayo Chuo Kikuu Huria kimeyatoa kwa miaka mingi, ni busara zaidi.

Wanaovutiwa na uzamili wa vyuo vya nje kwa njia ya mtandao waulize TCU kuhusu utambuzi wa shahada hiyo kabla ya kulipa chochote, na waombe jibu hilo kwa maandishi, kwani mwajiri wa umma atataka uthibitisho huo.