Msumeno wa duara wa betri: uongo tunaopeana saiti na ukweli wenyewe

Siku hizi ukipita saiti yoyote Arusha, iwe Moshono, Kwa Mrombo au kule Ngaramtoni, na hata Moshi ukishuka Pasua au Majengo, chalii anayepaua havuti tena waya kutoka kwa jirani. Ana msumeno wake wa duara wa betri, anapanda nao mpaka juu ya kenchi anakatia fisha bodi (ile mbao ya ukingo wa paa) huko huko. Na mi mwenyewe nausifia kabisa, maana nyumba nyingi zinapauliwa kabla umeme haujafika na hata ukiwepo unaweza kukatika kazi iko katikati. Shida ni maneno yaliyokuja pamoja na mashine. Zamani waya ulikuwa unatutisha kidogo, ukiuona umechomekwa unajua hii kitu iko hai, sasa waya umeondoka na watu wakaona na hatari imeenda nao.

"Ya betri haina nguvu, haiwezi kukufanya kitu"

Hii ndo mama yao. Mashine ya volti 18 yenye bledi ya milimita 165, ambayo ndo saizi utakayokutana nayo sana, inazama zaidi ya milimita 50, yani mbao ya inchi mbili kwa nne ikilala inapita mara moja. Bledi ikizunguka mara 4,000 kwa dakika (zipo zinazofika 5,000) meno yake yanakimbia zaidi ya kilomita 120 kwa saa, wakati basi la abiria la Moshi kwenda Dar linabanwa lisizidi 80. Kidole hakiulizi huo moto umetoka ukutani au kwenye betri.

Af kuna hii ya namba kwenye betri. Unaambiwa hii ni 88VF, ile ni 128VF, kwaiyo hii ya 128 ndo dume. Mara nyingi ukifungua ndani unakuta seli 5, au 10 zilizofungwa mbili mbili, na seli moja ya lithiamu ni volti 3.6, ikijaa 4.2. Piga hesabu mwenyewe, ni volti 18 mpaka 21 basi, ile namba kubwa ni jina tu la kuuzia. Ndo maana hata "20V" na "18V" za makampuni makubwa ni kitu kile kile, mmoja kaandika ya betri ikiwa imejaa mwingine kaandika ya kawaida. Nayasema haya kwenye mambo ya usalama kwa sababu mtu akiamini ana volti 128 ataisukuma mashine kama ina volti 128, ikianza kukwama anaongeza kifua, na hapo ndo balaa linaanzia.

"Mashine ikipiga teke ujue mkono wako mlaini"

Inaudhi hii, maana inamfanya saidia fundi aone aibu kuuliza. Teke, yani mashine kuruka ghafla kurudi kwako, halitokani na mkono mlaini, linatokana na bledi kubanwa. Angalia inavyozunguka: meno ya mbele yanapanda kutoka chini kwenda juu, ya nyuma yanashuka. Ukikata vizuri mashine inajikandamiza yenyewe kwenye mbao. Ila mkato ukifunga ukabana bledi kwa nyuma, yale meno yanayoshuka yanakanyaga mbao na kuinua mashine nzima, inatoka mkatoni inarudi kwako huku bado inazunguka. Hakuna mkono wa kuizuia hiyo, hata uwe mbeba viroba wa soko la Kilombero.

Sasa nani anabana? Mara nyingi ni sisi wenyewe. Chukua mbao ya mbili kwa sita, mtu kailaza juu ya tofali mbili, moja kila mwisho, af anakata katikati. Inaonekana sawa tu. Bledi ikifika karibu na mwisho wa mkato mbao inaanza kulegea, katikati inashuka, mdomo wa mkato kwa juu unafunga, utaona kabisa ule mstari unakuwa mwembamba na mlio wa mota unabadilika unakuwa mzito. Hapo una sekunde chache sana. Achia swichi, shika mashine hivo hivo usiinyanyue, subiri bledi isimame kabisa ndo utoe. Kosa la wengi ni kuinyanyua huku inazunguka au kuivuta irudi nyuma "kufungua njia", na hapo umeiomba teke kwa mdomo wako.

Dawa yake ni ndogo mno. Kama unakata kipande kifupi, weka tofali zote upande mmoja wa mkato, hicho kipande kining'inie kidondoke chenyewe. Kama pande zote ni ndefu, tandika vipande vinne chini, viwili huku viwili kule, mbao isipate pa kulegea. Paini mbichi za kutoka West Kilimanjaro na Rongai, na mkaratusi ndo usiseme, zina tabia ya kujivuta zenyewe ukizipasua kwa urefu, mkato unafunga nyuma yako hata kama umetandika vizuri. Chomeka kabari ndogo kwenye mkato ulioacha nyuma. Na simama pembeni ya mstari wa bledi, usisimame nyuma yake, ili hata ikirudi ipite hewani isipite pajani.

Bledi butu nayo inabana. Kuna watu wanakwambia bledi iliyochoka ni salama zaidi kwa sababu "haikati sana". Wewe! Butu inakufanya usukume, inachoma mbao, inapata moto, inapinda, inakwama. Ukiona mkato unatoka mweusi na moshi, badilisha. Mbao zilizomwagiwa zege zinamaliza bledi haraka, achilia mbali misumari iliyobaki ndani, kwaiyo zipitie kwa jicho na nyundo kwanza. Na wanaokata mvule wanajua, mle ndani unaweza kukuta vijiwe vya chokaa vigumu kweli vinavyong'oa meno.

Betri inayokaribia kuisha pia inaleta mambo haya haya. Kasi inashuka, wewe unaongeza nguvu, bledi inabanwa. Badilisha kabla hujaanza mkato mrefu.

"Gadi inasumbua, ifunge na waya"

Ile gadi ya chini, kifuniko cha bledi kinachojirudisha kwa springi, ndo kitu pekee kinachokaa kati ya bledi na wewe ukimaliza mkato. Wanaofunga wanasema inakwama mwanzoni mwa mkato wa pembe, na kweli wakati mwingine inakwama, ndo maana kuna kishikio kidogo cha kuinyanyulia kwa kidole gumba. Inyanyue, anza kukata, achia. Sio kuipachika kijiti ikabaki wazi siku nzima. Bledi haisimami pale pale ukiachia swichi, zenye breki zinachukua sekunde moja hivi au mbili, zisizo na breki zinaendelea kuzunguka zaidi ya hapo, na wewe tayari umeshaishusha mashine kwenye suruali.

Gadi nzito mara nyingi ni utomvu wa paini na unga wa mbao vimegandana. Toa betri, pangusa na kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, acha ikauke. Kisha ijaribu: ivute mpaka mwisho, iachie, lazima ijifunge tap! yenyewe. Ikirudi kwa kujivuta vuta, hiyo mashine haijawa tayari kufanya kazi.

Na usitoe bledi yote nje eti "ikate vizuri". Weka kina ili jino moja hivi litokeze chini ya mbao, milimita 3 mpaka 6. Bledi inayozidi hapo chini ndo inayotafuta mguu wako, au mkono wa dogo anayekushikia.

"Nimeachia swichi, kwaiyo imezima"

Hapa ndo naona watu wa betri tunapotofautiana na wa waya. Mwenye waya akitaka kubadilisha bledi anachomoa, iko kwenye damu. Mwenye betri anakaa chini, anaweka mashine mapajani, anashika bledi na mkono wa kushoto na spana na wa kulia, betri iko ndani. Hiyo mashine imechomekwa muda wote! Ule umbali kati ya kufungua nati na kupoteza vidole ni kidole kimoja kugusa swichi. Kuna kitufe cha sefti ndio, lazima ukibonyeze kwanza, lakini nimeona mashine ambazo kitufe kimefungwa na selotepu kwa sababu "kinachelewesha kazi". Anayefanya hivo anajua anachofanya? Sidhani.

Kwaiyo betri inatoka ukibadilisha bledi, ukisafisha gadi, ukipima kina, ukienda kula, ukiifunga nyuma ya boda, na ukiiacha mahali penye watoto. Mashine nyingi bolti ya bledi inafunguka kwa kuizungusha kuelekea upande ule ule bledi inakozungukia, angalia mshale, maana wengi wanaikaza wakidhani wanafungua, spana inateleza na mkono unaenda kwenye meno. Tundu la bledi nalo lilingane na mashine. Kama ni kubwa tumia ringi yake ya kupunguzia, sio ringi uliyoikata mwenyewe kwenye bati.

"Grenda na bledi ya meno ni kitu kile kile, tena bei rahisi"

Sio kitu kile kile hata kidogo. Grenda dogo linazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, na bledi nyingi za mbao zimeandikwa mzunguko wa mwisho ulio chini ya hapo, soma namba kwenye bledi. Af grenda halina lile bati la kukalia mbao, halina kina, halina gadi inayojifunga. Likibanwa hakuna kinachoegemea popote, linaenda linakotaka, na kwa namna tunavyolishika linakuja usoni. Kama huna hela ya mashine ya duara, msumeno wa mkono bado upo madukani na unakata vizuri tu.

"Vaa glovu, sefti ndo hiyo"

Nusu kweli. Kubeba mbao, kushika mabati, vaa. Ila glovu kubwa za kitambaa zinazolegea, karibu na kitu kinachozunguka, zinaweza kunaswa zikavuta mkono mzima. Mikono miwili kwenye mashine, mbao ibanwe na klempu au ikae imara, sio kuishikilia kwa goti au kwa ndala. Kitu cha kutokosa ni miwani ya kazi, na sio ya jua. Masikio pia, mashine hizi kelele yake inapita desibeli 90 kirahisi na sikio linaanza kuumia taratibu kuanzia 85 ukikaa nayo siku nzima, hulioni mpaka unaanza kuambiwa "mzee ongea polepole".

Na bosi akikwambia miwani ujinunulie mwenyewe, sheria ya usalama na afya mahali pa kazi, namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri ndo atoe vifaa vya kujikinga.

Vumbi watu wanalidharau eti "ni mti tu". Vumbi la mbao limo kwenye orodha ya vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu, lilishawekwa huko na taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani tangu 1995. La mninga linakuwasha pua na kifua hata kama hujawahi kuugua. Mbao za dawa, zile za kijani za kenchi, mara nyingi zimewekewa mchanganyiko wa shaba, kromu na aseniki, kwaiyo barakoa sio urembo, kata nje penye hewa, na tafadhali vipande vilivyobaki msivichomee nyama.

"Haina waya, haiwezi kupiga shoti"

Volti 18 haikuui, hiyo kweli. Lakini ukikata dari au ukuta wa mbao kwenye nyumba inayokaliwa, nyuma yake kunaweza kuwa na waya wa volti 230, na bledi ni chuma. Zima kwenye meni swichi kwanza. Mvua ya masika nayo haipendani na mota wala betri.

Betri yenyewe usiitupe kwenye ndoo moja na misumari, msumari ukigusa vile vyuma viwili ni moto wa kweli. Ikitoka kazini ya moto, iache ipoe ndo uchaji, na chaja iwe ya kwake. Ile ya "usichaji mpaka iishe kabisa" ilikuwa ya betri za zamani za nikeli, lithiamu haitaki hayo mateso.

"Kidole kikikatika, weka kwenye barafu haraka"

Hapana, barafu ikigusa nyama moja kwa moja inaiua. Kwanza mtu: bana jeraha kwa nguvu na kitambaa safi, inua mkono juu ya usawa wa moyo, vua pete kabla mkono haujavimba. Usimwagie mafuta ya taa, kahawa, wala majani yaliyotafunwa. Kidole chenyewe kifunge kwenye kitambaa safi kilicholowa maji safi kidogo, kiweke kwenye mfuko wa plastiki ufungwe vizuri, huo mfuko ndo uingie kwenye chombo chenye maji na barafu. Kisha twende hospitali, Moshi KCMC, Arusha Mount Meru, na mtu mwingine awe anapiga simu mbele mkiwa njiani. Usikitupe hata kama kimechanika vibaya, wacha daktari ndo aseme hakifai.