Uzamili wa fiziolojia ya mazoezi: hakikisha kabla ya kulipa ada

Kila msimu wa maombi ya uzamili, wahitimu wa Kigoma na Tabora hutuuliza kuhusu fiziolojia ya mazoezi. Hamu hiyo inatufurahisha. Hata hivyo, maswali mengi yana kosa moja, na tumelisahihisha mara nyingi: fani hii si fiziotherapia (tiba ya viungo), na si ualimu wa jimu.

Mtaalamu wake huchunguza moyo, mapafu na misuli mwili unapofanya kazi. Mwanafunzi hupima kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia, mtu akikimbia kwenye mashine amevaa barakoa ya kupimia hewa, na hupima laktati, kemikali inayoongezeka misuli inapofanya kazi kwa nguvu, kwenye tone la damu. Mwanasayansi Mjerumani Otto Meyerhof, aliyeonyesha uhusiano wa oksijeni na asidi ya laktiki kwenye misuli, aligawana Tuzo ya Nobel ya Tiba ya 1922 na Mwingereza A. V. Hill. Mada za tasnifu tunazo hapa hapa: mvuvi wa dagaa anayevuta nyavu usiku Ziwa Tanganyika, mkulima wa tumbaku Urambo anayevuna juani. Tunatamani sana vijana wetu ndio wawapime.

Kazi zipo vyuoni, kwenye utafiti, kwenye timu, na kwenye kliniki za moyo, kisukari na shinikizo la damu, ukishirikiana na daktari. Usisubiri tangazo lenye jina hilo hilo. Soma sifa zinazotakiwa. Vyuo vingine huiita kinesiolojia au sayansi ya michezo na mazoezi, kwa hiyo linganisha orodha ya kozi.

Sasa utaratibu. Ukitaka kusoma nje, anza na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kabla ya kulipa chochote. Hakikisha chuo kinatambuliwa na mamlaka ya nchi kilipo, kisha uombe TCU cheti cha kutokuwa na pingamizi. Ukirudi, iombe TCU itambue shahada yako: ambatisha cheti cha shahada hiyo, nakala ya matokeo ya kozi zote, na vyeti vya shahada ya kwanza na vya sekondari. Majina yalingane kwenye kila hati. Yakitofautiana, andaa hati ya kiapo mapema. Barua ya udahili si uthibitisho wa ithibati, yaani kwamba chuo kinatambuliwa rasmi. Hili tunalirudia kwa sababu watu wanaendelea kulipa ada kwa vyuo ambavyo hawajavihakiki, halafu wanataka tuwatetee.

Kughushi cheti ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na adhabu yake ya jumla ni kifungo cha hadi miaka 7. Anayewasilisha cheti hicho akijua ni cha kughushi anakabiliwa na adhabu ya aina hiyo hiyo, hata kama aliyekichapa ni mwingine.

Cheti cha chama cha kitaaluma cha nje, mfano Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo kilichoanzishwa 1954, huongeza sifa, lakini hakikupi leseni ya kutibu Tanzania. Anayetaka kutibu viungo asome fiziotherapia na asajiliwe kwa taaluma hiyo.