Kubonyeza mwili ili sindano isiume: yanayosemwa na yaliyo kweli

Siku ya chanjo, kwenye benchi la kituo cha afya, mara nyingi anayeanza kulia ni yule mtoto wa tatu kwenye foleni, ambaye hajaguswa na mtu. Amesikia kelele za mwenzake, ameona bomba za sindano mezani, na nyumbani ameshatishwa mara nyingi: "Kataa kula uone, namwita musawo akudunge!" (musawo ni daktari au nesi). Hofu imemtangulia sindano. Akupresha, yaani kubonyeza sehemu maalumu za mwili kwa kidole, inaweza kumpunguzia mtoto huyo mzigo, na mama yake pia. Ila ikitajwa tu, mmoja anaiita uganga na mwingine anaifanya dawa ya kila kitu.

"Huo ni uchawi wa Wachina"

Majina ya sehemu zenyewe ni ya Kichina kweli, na mafundi wa kale walieleza kwamba kuna nguvu inayotiririka mwilini kwa njia zake. Huhitaji kuyaamini hayo ili ubonyeze. Mwaka 1965 watafiti wa maumivu Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza jambo ambalo kila mtu analifanya bila kufundishwa: ukijigonga goti kwenye ukingo wa kitanda, mkono unakwenda wenyewe kulikamata. Neva zinazobeba habari za mguso na mgandamizo ni nene na zina mbio kuliko zile nyembamba zinazobeba maumivu. Zikifika pamoja kwenye uti wa mgongo, za mguso hupunguza nafasi ya zile za maumivu kupita. Juu ya hapo kuna akili: mtoto aliyepewa kazi ya kubonyeza mkono wake na kuhesabu hana muda mwingi wa kuitazama sindano.

"Ukibonyeza hutasikia kitu"

Utasikia. Hii si ganzi. Tafiti zilizofanyika juu ya akupresha na sindano nyingi ni ndogo, tena ni vigumu kumficha mtu kwamba anabonyezwa, kwa hiyo haijulikani vizuri ni kiasi gani cha nafuu kimetoka kwenye sehemu yenyewe na kiasi gani kimetoka kwenye kushikwa tu. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa mwaka 2015 kuhusu maumivu ya chanjo, akupresha haikuwa kati ya mambo yaliyopendekezwa. Yaliyopendekezwa ni kumnyonyesha mtoto, kumpakata vizuri, kutovuta bomba nyuma kutafuta damu, na kuacha chanjo inayouma zaidi iwe ya mwisho. Kubonyeza ni nyongeza juu ya hayo.

Kwa hiyo usimwambie mtoto "haiumi". Atakuamini mara moja tu. Mwambie: "Utasikia kama umefinywa, tutahesabu wote mpaka tano, itakuwa imetoka."

"Bonyeza popote, mradi ubonyeze"

Hapa ndipo wengi wanakosea. Sehemu tatu zinatosha.

Ya kwanza ni Hegu, kwenye mkono ambao haudungwi. Kutanisha kidole gumba na kidole cha shahada. Nyama inavimba nyuma ya kiganja, na kilele cha huo uvimbe ndipo penyewe. Paangalie vizuri, kisha legeza mkono. Weka gumba la mkono wa pili hapo juu, vidole vingine vishike upande wa kiganja, na uelekeze nguvu kwenye mfupa wa kidole cha shahada. Kosa la kawaida ni kubana ile ngozi nyembamba iliyo katikati ya vidole: panauma bure na hapana faida. Ukiwa umepapata, utahisi uzito na maumivu mazito yasiyochoma, kama msuli uliobeba jerikeni mbali. Ukihisi mchomo mkali, unatumia ukucha; kata kucha kwanza. Nguvu inatosha pale ukucha wa gumba linalobonyeza unapogeuka mweupe. Mkono ukianza kutetemeka, umezidisha.

Muda nao una maana yake. Anza dakika 2 au 3 kabla, wakati nesi anaandika kwenye kadi na kuvuta dawa, na usiachie mpaka sindano itoke. Anayeanza wakati sindano imeshakaribia ngozi amechelewa, halafu anaondoka akisema njia hii haifanyi kazi.

Ya pili, Neiguan, iko upande wa ndani wa mkono, vidole vitatu kutoka mkunjo wa kifundo kuelekea kiwiko, katikati ya kano mbili zinazojitokeza ukikunja ngumi. Vidole hivyo vitatu ni vya yule anayebonyezwa. Mtu mzima akimpimia mtoto wa miaka sita kwa vidole vyake mwenyewe, anapita mbali na kuishia karibu na katikati ya mkono. Sehemu hii inajulikana zaidi kwa kichefuchefu, basi inamfaa yule ambaye tumbo humchafuka akiona bomba tu.

Ya tatu, Yintang, iko kati ya nyusi mbili. Zungusha ncha ya kidole polepole, kwa wepesi, kwa dakika 5 hadi 10. Imejaribiwa kwa watu wazima wenye wasiwasi wanaosubiri upasuaji, wakiwemo wazazi wa watoto waliokuwa wakingojea kupasuliwa. Ni nzuri kwa foleni, kwa sababu mama anaweza kujifanyia huku amempakata mtoto, na mtoto husoma uso wa mama kabla ya kusoma uso wa nesi.

"Kubonyeza na kusugua ni kitu kimoja"

Si kitu kimoja, na kuvichanganya kuna madhara.

Kuna kubonyeza mahali penyewe pa kudungwa, kwa sindano za kwenye msuli: gumba linakandamiza kwa sekunde 10, kwa nguvu ya kutosha, kisha linaachia. Fanya hivyo kabla ngozi haijasafishwa ili kidole kisichafue palipokwisha kusafishwa. Ukitumia spiriti, iache ikauke kabisa. Spiriti mbichi ikiingia na sindano huwasha, halafu lawama inaiendea dawa.

Anayenufaika zaidi na sekunde hizo 10 ni mgonjwa wa sindano ya benzathini penisilini, ambayo ni nzito na inauma kweli. Kaskazini mwa Uganda, watoto 818 wa miaka 5 hadi 17 wenye dalili za mwanzo za ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya rumatiki walishiriki utafiti ambamo nusu yao walidungwa dawa hii kila baada ya wiki 4. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba waliodungwa ni wachache mno ambao moyo uliharibika zaidi. Lakini dawa ya kila mwezi inamtaka mtoto arudi kila mwezi, na sindano moja ya kumkamata kwa nguvu inaweza kumfanya akimbie zote zinazofuata. Kwa dawa hii, chupa iachwe ipate joto la chumba, mahali pabonyezwe, kisha dawa iingizwe polepole kwa dakika 2 hadi 3. Usihamishie utaratibu huo kwenye chanjo. Chanjo hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, haipashwi joto, na huingizwa kwa haraka.

Kusugua sasa. Mwongozo uleule wa 2015 unasema kusugua au kufinya mahali pa chanjo kusitumiwe kama njia ya kupunguza maumivu. Sindano ikishatoka, kandamiza kwa pamba kavu bila kuzungusha. Kwa sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, kusugua kunaharakisha dawa kusambaa na kunaweza kufupisha kinga yake. Mama aliyeambiwa na jirani "jikande hapo lisivimbe" ameshauriwa vibaya. Na BCG, chanjo ya kifua kikuu, usiiguse kabisa. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hupewa mililita 0.05 ndani ya ngozi, inabaki kama kipele cheupe kilichoinuka, na baada ya wiki kadhaa hutoka kidonda kidogo kinachoacha kovu. Vyote hivyo vinatarajiwa. Usikamue, usipake kitu.

"Mtoto mchanga abonyezwe kama mkubwa"

Hapana. Kwa mtoto wa wiki 6, 10 au 14, ziwa la mama linashinda kidole chochote. Matone ya kinywani yatangulie, kisha anyonye, adungwe akiwa ananyonya, na sindano ya nimonia ije mwisho kwa kuwa ndiyo inayochoma zaidi. Apakatwe akiwa wima kifuani. Kulazwa chali kitandani huku watu wawili wamemshika miguu kunamtia hofu zaidi. Ukitaka kumshika mkono, papasa tu.

"Mjamzito naye abonyeze Hegu"

Mafundi wa akupresha huiepuka Hegu kwa wajawazito wakihofia uchungu kuanza mapema. Tafiti hazijaonyesha wazi kwamba inauanzisha, lakini kwa sindano ya pepopunda isiyochukua hata nusu dakika, hakuna sababu ya kubishana. Atumie Yintang na pumzi ndefu.

"Anayetaka kuzimia abonyezwe zaidi"

Hii husikika shuleni, kwenye chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, kwa wasichana wa miaka 10, mmoja akianguka na watatu wakamfuata. Kinachotokea ni kwamba mapigo ya moyo hupungua ghafla na presha hushuka, damu ikapungua kichwani. Kidole hakipandishi presha. Mlaze chini, inua miguu yake, na mwache hapo mpaka rangi ya uso irudi.

Anayejijua kwamba huzimia ana kazi ya kufanya mapema, na hii ina nguvu kuliko akupresha yote: kaza misuli ya mapaja, tumbo na mkono usiodungwa kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka uso upate joto, legeza kwa sekunde 20 hadi 30, rudia mara 5. Mkono unaodungwa ubaki umelegea, maana msuli uliokazwa ndio unaouma. Baadaye akae dakika 15 kabla ya kusimama. Ni bora pia chanjo itolewe nyuma ya pazia au kwenye chumba cha pembeni, ili wanaosubiri wasimwone anayedungwa.

"Ukibonyeza vizuri, sindano ya tako haina shida"

Hii ndiyo hatari kuliko zote. Mashariki mwa Uganda wamepatikana watoto wengi waliopooza mguu au ambao misuli ya makalio ilikakamaa na kuwa migumu kiasi cha kushindwa kuchuchumaa, kwa sababu ya sindano zilizopigwa kwenye tako, hasa za kwinini. Neva kubwa ya mguu inapita pale, na kwa mtoto mdogo nyama ya kuikinga ni kidogo. Hakuna mahali pa kubonyeza panaporekebisha sindano iliyochomwa pasipofaa. Kwa mtoto mdogo, sindano ya msuli mahali pake ni upande wa nje wa paja, theluthi ya kati kati ya nyonga na goti. Zikiwa mbili kwenye paja moja, ziachane angalau sentimita 2.5. Siku hizi malaria kali hutibiwa kwanza kwa sindano ya artesunate, kwa hiyo ukiona kwenye kliniki ya mtaani mtoto anageuzwa kifudifudi ili adungwe kwinini, uliza kabla suruali haijashushwa.

Mgonjwa akisema maumivu yamepiga kama shoti ya umeme kutoka tako hadi kwenye unyayo, usimwambie abonyeze mkono na avumilie: sindano itolewe papo hapo. Na mtoto aliyedungwa tako, kesho yake akaanza kuburuta ncha ya mguu au akashindwa kuinua kidole gumba cha mguu, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, pamoja na kadi yake na jina la dawa aliyopewa.