Louis Armstrong hakuzaliwa Julai 4

Kila Julai 4, Marekani inapoadhimisha uhuru wake, wapo wanaomkumbuka pia mpiga tarumbeta Louis Armstrong, eti alizaliwa siku hiyo mwaka 1900. Hadithi ni tamu: gwiji wa jazi, mwana wa New Orleans, kuzaliwa pamoja na karne na sikukuu ya taifa. Tamu mno, kwa kweli.

Armstrong mwenyewe ndiye aliyeitaja tarehe hiyo maisha yake yote, na hakuna sababu ya kumwita mwongo. Alizaliwa katika umaskini, na watu wengi wa hali yake hawakuwa na cheti. Mtu alijichagulia siku inayokumbukika. Wazee wetu wangapi wamezaliwa Januari 1 kwenye karatasi?

Miaka ya 1980, mtafiti Tad Jones alifukua daftari la ubatizo la kanisa moja Katoliki mjini New Orleans. Mtoto Louis alibatizwa Agosti 25, 1901, akiwa amezaliwa Agosti 4 mwaka huohuo. Kwa hiyo mwaka 1970, aliposherehekewa kutimiza miaka 70, alikuwa na 68. Alifariki Julai 6, 1971, kabla ya tarehe yake halisi ya kuzaliwa kugunduliwa.