Ukumbi mtupu si ukumbi ulio wazi

Mama mmoja kutoka mtaa wa Nyalenda alikuja Alhamisi alasiri, akachungulia mlangoni, akaona sakafu tupu, viti vimepandanishwa ukutani na paka wetu amelala jukwaani. Akanigeukia kwa upole kabisa. "Mwanangu, si ukumbi huu hauna mtu? Basi nipe Ijumaa nipambe taratibu, na Jumamosi ndiyo nilipe." Mkononi alikuwa na bahasha ya kadi za harusi, zishachapishwa. Alikuwa wa nne wiki hiyo kuniambia hivyo, na kwa yule wa nne niliweka kalamu chini.

Mimi hushika daftari la tarehe katika ukumbi wa jamii hapa Kisumu. Ni ukumbi wa kila kitu: jioni za Jumanne na Alhamisi ni voliboli, Ijumaa kesha, Jumamosi harusi, Jumapili ibada, na katikati ya wiki warsha, mahafali na mikutano ya kuchangia matanga. Wateja huja na dhana nyingi, lakini hii ya "mbona uko mtupu" ndiyo inayonitoa jasho.

Alhamisi ile ukumbi ulikuwa mtupu kwa sababu vijana wa voliboli huingia saa kumi na moja jioni. Mama alifika saa tisa. Ijumaa aliyoitaka ilikuwa na kesha: watu wa vyombo huja saa nane mchana kufunga spika, maombi huanza saa tatu usiku, na "Amina" ya mwisho husikika saa kumi na mbili asubuhi ya Jumamosi. Wageni wa harusi hufika saa sita mchana. Kati ya Amina na bibi harusi kuna saa sita, na mpambaji anayejiheshimu anataka nne. Zilizobaki mbili ndizo zangu za kutoa spika, kufagia, kupiga deki, kuosha vyoo na kupanga meza arobaini. Sasa nitolee hapo "Ijumaa nipambe taratibu".

Mwingine huniambia nisisumbuke, wacheze voliboli yao, sisi tupange meza pembeni. Uwanja wa voliboli ni mita 18 kwa 9, na kanuni zinataka angalau mita 3 za nafasi kila upande, kwa hiyo mchezo unakula mita 24 kwa 15. Sakafu yetu ni 30 kwa 20. Ubavuni inabaki mita mbili na nusu. Meza ya mviringo ya watu kumi ina upana wa karibu mita 1.8 kabla hujaiwekea kiti hata kimoja. Pembeni unayoizungumzia iko wapi?

Na hiyo sakafu ni ya mbao. Nguzo za wavu husimama kwenye matundu, na matundu hayo yana vifuniko vya shaba ambavyo lazima virudishwe kimoja kimoja kila mchezo ukiisha. Kifuniko kimoja kikisahaulika, kisigino cha kiatu kirefu kinaingia humo kama kimepimwa, na mwenye kisigino mara nyingi ni dada wa bibi harusi aliyebeba keki. Harusi nayo ikiisha hutuachia vimetameta. Hivyo havifagiliki. Vinajificha kwenye mishono ya mbao, na Jumanne kijana akiruka kupiga mpira anateleza. Nta ya mishumaa ndiyo mbaya zaidi. Mfanyakazi mgeni huiparua kwa kisu na kuondoka na rangi ya mbao. Dawa yake ni kupiga magoti, kutandika karatasi ya kaki juu ya nta na kupitisha pasi yenye moto mdogo. Nta inayeyuka na kunyonywa na karatasi, unasogeza karatasi mahali pakavu, unarudia. Doa moja ni dakika tatu. Hesabu madoa ya harusi yenye mishumaa kwenye kila meza, halafu uniulize kwa nini Jumapili alfajiri nina macho mekundu. (Ukitaka tupatane tangu mwanzo, usilete mishumaa. Taa ndogo za betri zinapendeza vilevile na hazidondoki.)

Lakini kinachowashangaza watu zaidi ni maji. Wageni 400, kila mmoja akienda chooni mara mbili, na choo kikivuta lita 8, hizo ni lita 6,400. Tangi letu ni la lita 8,000. Ongeza mpishi anayeosha sufuria, na tangi limekauka kabla keki haijakatwa. Maji ya mfereji hulijaza kwa utaratibu wake mwenyewe, usiku kucha, na siku za mgao hata usiku hautoshi. Ndiyo maana nikiona matukio mawili makubwa yamefuatana bila usiku mmoja wa kupumua kati yao, siandiki la pili hata aliyekuja awe mheshimiwa. Choo kikikosa maji hakuna mgeni atakayelaumu tukio la jana. Atanitafuta mimi.

Kwa hiyo daftari langu lina rangi tatu. Bluu ni siku ya tukio, kijani ni siku ya kuingia au kutoka, nyekundu ni ya matengenezo. Mteja akisimama mlangoni huona kijani na nyekundu kama utupu. Ukija kutafuta tarehe, niulize kuna nini siku inayotangulia na siku inayofuata. Anayeuliza hivyo mimi humpa kiti na chai.

Dhana inayofuatana na hii ni kwamba sisi huamka Desemba tu, miezi mingine tunapiga miayo. Anayesema hivyo hajawahi kupita hapa Juni. Mwaka wa fedha wa serikali, kuu na za kaunti, unafungwa tarehe 30 Juni, na kila idara yenye hela ya mafunzo inakumbuka mwezi Mei kwamba haijafunza mtu. Simu hulia hadi tunazima. Warsha ya siku tatu ni siku nne kwangu, maana mitambo ya kutafsiri na meza za usajili hazijipangi. Halafu Julai inaingia, fedha mpya hazijashuka, na unasikia saa ya ukutani. Februari na Machi ni michezo ya kuigiza ya shule. Aprili, Agosti na Desemba shule zimefungwa, kwa hiyo ndiyo miezi ya harusi. Oktoba na Novemba ni mitihani ya kitaifa, na mwenye jirani wa shule anajua kupunguza sauti. Wasabato hawafanyi arusi siku ya Sabato, huipeleka Jumapili, na huku Nyanza Wasabato ni wengi, basi anayedhani Jumapili alasiri nimelala hajui anaishi wapi. Kila mwaka wa tano, Jumanne ya pili ya Agosti, kuna uchaguzi mkuu, na miezi kadhaa kabla yake kila mgombea anataka ukumbi "kesho".

Na mkutano mkubwa ukija mjini si lazima tujae. Africities, mkutano wa miji ya Afrika, ilipofanyika hapa Mei 2022, siku tano, kila rafiki yangu alinipongeza kwa pesa nitakazovuna. Shughuli zenyewe zilikuwa Mamboleo, mtaa mwingine wa Kisumu. Sisi tulikaa wiki nzima tukipaka rangi milango, kwa sababu wenyeji waliokuwa na mambo yao waliyaahirisha wakihofia barabara kufungwa. Ilikuwa wiki nzuri ya rangi, nakiri.

Mengine nayapitia haraka, maana hayanichoshi kama hilo la kwanza.

Eti ukumbi wa watu 600 unaingiza 600 vyovyote utakavyokaa. Hapana. 600 ni viti vya safu, magoti yakigusa mgongo wa aliye mbele. Meza za mviringo, na jukwaa, na meza kuu, na njia ya mhudumu mwenye sinia, ni 400. Meza za kuandikia kama darasani ni 300, na hapo tunabanana. Ukichapisha kadi 600 kisha ukaniomba meza, nimeshindwa na hesabu, si roho mbaya. Na milango ya dharura haiwekewi meza ya zawadi, hata kama pale "panapendeza kwa picha".

Eti nilikwambia kwa simu, basi tarehe ni yangu. Uliponiambia kwa simu niliandika kwa penseli. Penseli hukaa siku saba. Akija mtu na diposti kabla ya siku hizo kuisha, nakupigia wewe kwanza, na usiposhika simu nafuta. Nina kifutio kizuri.

Eti ni ukumbi wa jamii, kwa hiyo ni bure, tumeshalipa kodi. Kumbi za kaunti hutozwa ada zilizowekwa katika sheria ya fedha ya kaunti, na pesa inaingia kwenye akaunti, haiingii mfukoni mwa mtu. Nyingine, kama huu wetu, hujiendesha kwa ada, na wewe ukisamehewa, stima italipwa na timu ya voliboli ya watoto.

Eti mvua ya Kisumu ni ya Aprili, mwezi mwingine tutandike hema nje tuokoe hela. Upepo wa ziwa ukikutana na ule unaoshuka kutoka milimani, mawingu hujikusanya alasiri na mvua yenye radi inashuka mwezi wowote, hasa saa za hotuba. Ndani nako paa ni mabati. Ikinyesha kweli kweli hata fundi wa sauti hodari hasikiki, kwa hiyo wasemaji wako muhimu waweke asubuhi. Ushauri huu nautoa bure na hakuna anayeufuata.

Eti tukiwa ndani ya kuta polisi haiwahusu. Harusi na ibada, sawa. Mkutano wa hadhara wa kisiasa ni jambo jingine: sheria inataka mkuu wa kituo apewe taarifa angalau siku 3 kabla na si zaidi ya siku 14, na mkutano uwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Watu wa mheshimiwa wakinijia ghafla, huwaelekeza kituoni kwanza, wakirudi ndipo tunaongea bei.

Turudi kwa mama wa Nyalenda, kwa sababu kadi zilikuwa zishachapishwa na sikuweza kumfukuza. Nilimpigia pasta wa kesha. Mwanzoni alisema Roho haangalii saa. Nikamweleza habari ya mpambaji na saa zake nne. Akanyamaza, akauliza bibi harusi ni wa nani, kumbe babake waliimba pamoja kwaya Kondele. Alifunga maombi saa kumi badala ya kumi na mbili, na vijana wake ndio waliobeba spika. Mama alileta chai ya maziwa ndoo mbili na mandazi, na vijana wanne wenye mafagio. Saa moja mpambaji alikuwa juu ya ngazi. Mishumaa aliileta pia, sanduku zima, na nikaifungia ofisini hadi Jumapili.