Mafuta yamo tenkini, injini imezimika: kwa wanaojiundia ndege nyepesi

Tangu sisi wakaguzi wa ndege tuanze kampeni ya kuwatembelea wanaojiundia ndege kwenye mahanga na viwanja vidogo, lalamiko tunalolisikia zaidi ni moja: kwa nini mkaguzi anashinda nusu siku chini ya bawa akiwa na dumu, faneli na daftari, wakati injini imewaka vizuri na geji ya mafuta inacheza? Wapo waliotuandikia rasmi kwamba tunawachelewesha. Naomba nieleze, kwa sababu naamini wengi wanauliza kwa nia njema.

Ndege iliyotoka kiwandani ina mfumo wa mafuta uliopimwa, ukajaribiwa na kuandikwa kitabuni kabla mnunuzi wa kwanza hajaiona. Ndege uliyoiunda mwenyewe ina mfumo ambao haujawahi kuwapo duniani. Hata kama umenunua vifaa vyote katika sanduku moja, siku ulipolisogeza bomba sentimita kumi ili lipishe betri, au ulipohamisha chujio ili ulifikie kwa urahisi, umeshatengeneza mfumo wako. Si kosa. Ila ni lazima uupime wewe, maana hakuna mwingine aliyewahi kuupima.

Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilichambua ajali za ndege ndogo za miaka ya 2011 hadi 2015 na kukuta wastani wa zaidi ya ajali 50 kila mwaka zinazotokana na usimamizi wa mafuta. Katika asilimia 56 ya ajali hizo mafuta yaliisha kabisa. Katika asilimia 35 mafuta yalikuwamo ndegeni ila hayakufika kwenye injini: vali ilielekezwa tenki tupu, maji yaliingia, bomba liliziba. Na wanaodhani haya ni mambo ya wanafunzi, karibu nusu ya marubani hao walikuwa na leseni ya urubani wa kibiashara au ya juu zaidi. Wanafunzi walikuwa asilimia 2 tu. Mwanafunzi ana mwalimu anayemuuliza kabla ya kuruka. Wewe mwenye ndege yako unaulizwa na nani?

Sasa geji. Kila wiki kuna mtu ananiambia, "Lakini mzee, gari langu geji ikigusa E bado natoka Kibaha hadi Mbezi." Nimeshachoka kulijibu hili, ila nitalijibu tena. Gari likizimika unasogea pembeni. Na geji ya gari ilirekebishwa na kiwanda ili ikudanganye kwa upande wa usalama. Geji ya ndege ya kujiundia haijarekebishwa na mtu yeyote mpaka uirekebishe wewe. Kanuni za utengenezaji wa ndege ndogo zinataka geji isome sifuri pale yanapobaki mafuta yasiyoweza kutumika, wala si pale tenki linapokauka. Ndege nyingi tunazokagua zina geji inayosoma sifuri tenki likiwa kavu. Maana yake rubani anaona bado kuna lita nne kumbe hizo lita nne hazitatoka kamwe.

Namna ya kupima ni hii. Weka ndege katika mkao wa kuruka. Ndege yenye gurudumu la mkiani inasimama pua ikiwa juu, kwa hiyo inua mkia na uuweke kwenye stendi mpaka pima-maji iliyo kwenye reli ya kiti ionyeshe usawa. Toa mafuta yote kupitia bomba la injini, ukitumia pampu yenyewe ya ndege, hadi yaanze kutoka yakiwa na mapovu ya hewa. Yaliyobaki tenkini sasa yafyonze, yapime na uyaandike: hayo hayatumiki. Kisha inua pua mpaka pembe ya kupanda angani na urudie, kwa sababu tundu la kutolea mafuta likiwa mbele ya tenki, pua ikiinuka mafuta yanakimbilia nyuma. Kiasi kikubwa kati ya vipimo viwili ndicho unachokichukua. Baada ya hapo rudisha ndege kwenye usawa, ongeza mafuta lita tano tano kwa chombo ulichokihakiki, na kila mara andika geji inasema nini na kijiti cha kupimia kimelowa mpaka wapi. Chora alama kwenye kijiti hicho kwa msumeno, usitumie kalamu ya wino. Petroli inafuta wino. Fanya kila tenki peke yake. Tenki la kushoto na la kulia hayafanani hata kama yametoka kwenye kalibu moja, nami nimeona tofauti ya lita tatu katika ndege ambayo mwenyewe aliapa yako sawa.

Andikeni kwa lita. Vifaa vingi vinakuja kutoka Marekani na geji za galoni zao, ambazo ni lita 3.785, na mzee fulani kiwanjani atakwambia galoni ni lita 4.546 kwa sababu alisoma zama za Mwingereza. Mwaka 1983 Boeing 767 ya Air Canada ilizimikiwa injini zote mbili ikiwa safarini kwa sababu geji hazikufanya kazi na mafuta yaliyopimwa kwa kijiti yakakokotolewa kwa kipimo cha paundi badala ya kilo. Walitua salama Gimli, lakini wale walikuwa na barabara ya zamani ya kurukia ndege mbele yao.

Tuchukue hesabu ya kawaida. Ndege ina tenki mbili za lita 40. Injini ni Rotax 912 ULS inayokunywa, tuseme, lita 20 kwa saa katika mwendo wa safari. Kila tenki lina lita 4 zisizotumika, zinabaki 72. Kutembea ardhini na kupanda kumekula 5 za ziada. Akiba ya mwisho ambayo Kiambatisho cha 6 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kinaidai kwa ndege za binafsi zinazoruka kwa rubani kuona nje, bila kutegemea vyombo, ni dakika 30 mchana na 45 usiku. Kwa mchana ni lita 10. Zimebaki 57, yaani saa 2 na dakika 51. Dar es Salaam hadi Dodoma kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 390. Kwa kilomita 160 kwa saa unafika baada ya saa 2 na dakika 26, na upepo wa mashariki ukikusukuma mgongoni utafika mapema zaidi na kushuka ukitabasamu. Kurudi ndiko kwenye kazi. Upepo ule ule wa kilomita 30 kwa saa sasa unakupiga usoni, mwendo juu ya ardhi unakuwa 130, na safari ni saa 3 kamili. Umekula akiba. Hakuna kilichoharibika, hakuna aliyekosea njia, na tenki zote zilijazwa mpaka shingoni. Bila kuongeza mafuta njiani safari hiyo haifai, na jambo hilo ulipaswa kulijua ukiwa bado mezani na penseli.

Kuhusu mahali pa kuweka vali ya kuchagulia tenki, sitaki kubishana na mtu yeyote tena. Someni habari ya John Denver, mwanamuziki wa Marekani. Oktoba 12, 1997 alikuwa peke yake katika Long-EZ, ndege iliyosanifiwa na Burt Rutan na kuundwa na mtu binafsi kwa kufuata ramani. Denver hakuiunda, aliinunua. Katika ramani vali iko mbele, rubani anaifikia bila kujigeuza. Muundaji aliihamishia nyuma ya bega la kushoto la rubani ili mabomba ya mafuta yasipite kwenye chumba cha rubani. Kwa mtazamo wa moto lilikuwa wazo zuri. Lakini mkono wa vali haukuwa na alama ya kuonyesha tenki gani limechaguliwa. Geji zilikuwa vioo vya kuchungulia vilivyoko kiti cha nyuma, visivyo na alama za kiasi, na fundi kiwanjani alimpa kioo cha mkononi ili aweze kuviona. Fundi huyo huyo alimwambia mafuta yaliyomo si mengi. Denver hakuongeza, alitaka kuruka kwa muda wa saa moja hivi.

Ndege ilianguka kwenye ghuba ya Monterey, karibu na Pacific Grove. Wachunguzi walipokaa kwenye ndege ya aina hiyo na kujaribu kuifikia vali, waligundua kwamba ukijipinda kuelekea nyuma kushoto, mguu wa kulia unakandamiza wenyewe pedali ya usukani wa mkia. Denver alikuwa na zaidi ya saa 2,700 za kuruka. Ripoti ilitaja kushindwa kudhibiti ndege wakati akihangaika na vali, kutoongeza mafuta, mahali vali ilipowekwa, geji zisizo na alama, na mafunzo hafifu ya kuizoea ndege ile. Kwa hiyo mkaguzi wetu akikuambia ufunge mikanda yote, ushike usukani, kisha ubadilishe tenki macho yakiwa mbele, asionekane ana dharau. Akisema vali ihamishwe, ihamisheni.

Wanunuzi wa ndege zilizoundwa na wengine mnanihusu hapa zaidi ya waundaji. Katika utafiti wa NTSB uliotoka mwaka 2012, zaidi ya nusu ya ajali za ndege za kujiundia zilizochunguzwa mwaka 2011 zilihusu ndege zilizonunuliwa zikiwa zimeshatumika. Anayeuza anazijua kasoro za ndege yake kwa mazoea, hazikuandikwa popote.

Jaribio la mtiririko halina mjadala. Mfumo unaotegemea mafuta kushuka kwa uzito wake uwe na uwezo wa kupitisha asilimia 150 ya yale injini inayohitaji wakati wa kuruka kwa nguvu zote. Wenye pampu, asilimia 125. Injini inayotaka lita 27 kwa saa wakati wa kupaa inahitaji kwa pampu karibu lita 34. Bomba lifunguliwe pale kwenye kabureta, pua ikiwa juu kwa pembe kali zaidi ya kupanda, tenki likiwa na mafuta kidogo, na mtiririko upimwe kwa saa ya mkononi. Kujaribu tenki likiwa limejaa na ndege imelala sawa ni kupoteza muda wangu na wako.

Mafuta yenyewe. Avgas, yaani petroli maalumu ya ndege, haipatikani kila kiwanja, kwa hiyo wengi mnanunua petroli sheli. Injini nyingine zinaruhusu; 912 ULS inataka oktani isiyopungua RON 95, wakati 912 UL ya nguvu za farasi 80 inaridhika na 90. Mafuta yaliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa yanashusha oktani, na vinasaba (alama za kemikali za kutambulisha mafuta halali) vinavyowekwa nchini tangu 2010 vinamsaidia mkaguzi wa serikali, havikusaidii wewe uliye na dumu mkononi. Nunua kituo chenye mauzo makubwa, weka sampuli kwenye chupa ya kioo, andika tarehe. Ethanoli, ikiwa imechanganywa kwenye petroli, inalegeza baadhi ya gundi na rangi za kuzibia matenki ya faiba, na vipande vyake huishia kwenye chujio. Maji hukaa chini ya petroli, basi toa sampuli asubuhi kabla hujaitikisa ndege, si baada ya kuisukuma toka hanga. Mabomba yaliyopita karibu na ekzosi yavishwe kinga. Joto la saa nane mchana linageuza petroli kuwa mvuke na pampu haisukumi mvuke.

Kuna wenye skrini zinazohesabu mafuta yaliyotumika. Ni nzuri sana. Ila skrini hiyo haijui tenki lina nini. Inajua ulichoiambia ulipojaza, kisha inatoa. Ukiiambia 80 na umeweka 70, itakutunzia uongo wako kwa desimali mbili. Na Rotax yenye bomba la kurudisha mafuta tenkini ikiwa na kihisi kimoja tu kwenye bomba la kwenda, itahesabu hata yaliyorudi.

Nimalizie na utaratibu, ambao ndio wengi huukosea. Ukiona kwamba mabadiliko yoyote yatakufanya utue na chini ya akiba ya mwisho, mwambie mwongozaji wa ndege "minimum fuel", yaani mafuta yamefikia kiwango cha chini. Hiyo si dharura, ni taarifa, haikupi kipaumbele. Hesabu ikionyesha kwamba hata uwanja wa karibu ulio salama utaufikia ukiwa chini ya akiba hiyo, tangaza "mayday, mayday, mayday, fuel". Usione haya. Kiambatisho cha 13 cha ICAO, kinachohusu uchunguzi wa ajali, kinaorodhesha hali ya mafuta inayomlazimu rubani kutangaza dharura kuwa mfano wa tukio kubwa, pamoja na kushindwa kutumia mafuta yaliyomo ndegeni. Kwa hiyo hata ukitua salama shambani, ndege haina mkwaruzo na mmekunywa chai na mwenye shamba, ripoti inatakiwa. Uchunguzi hauna lengo la kumlaumu mtu. Kutoripoti ndiko kunakomfikisha mtu pabaya: leseni inaweza kusimamishwa au kufutwa, kibali cha ndege vilevile. Na msiiondoe ndege wala kumwaga mafuta yaliyobaki kabla mchunguzi hajaruhusu, isipokuwa kuna hatari ya moto au mtu anahitaji kuokolewa. Mafuta hayo ndiyo ushahidi wako.

Maombi ya kibali cha majaribio yaambatane na jedwali la upimaji wa kila tenki, kiasi kisichotumika katika mikao yote miwili, matokeo ya jaribio la mtiririko kwa lita na dakika, mchoro wa mabomba unaoonyesha vali, vichujio na matundu ya hewa, na sahihi ya aliyeshuhudia. Picha ya geji iliyotumwa kwa WhatsApp hatuipokei.